Barua ya Mama wa Amagoro

Barua ile niliiandika nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, katika chumba cha mafaili cha ofisi yetu ya uwakala wa forodha pale Malaba. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na wenzangu walikuwa wameshafunga kompyuta zao. Ndoo naikumbuka kwa sababu ilikuwa na ufa ulionifinya paja. Mambo mengine ya jioni hiyo ningefurahi kuyasahau, lakini hayataki kunitoka.

Wakati huo nilikuwa na mwaka na miezi kadhaa nikitengeneza podikasti. Kilikuwa kipindi cha nusu saa kuhusu maisha ya mpakani, nilichokirekodi katika chumba kile kwa sababu mafaili ya karatasi humeza kelele vizuri, hata honi za matrela. Nilizungumza na madereva, wabadilisha fedha, mama wa chai, yeyote aliyekubali kukaa mbele ya simu yangu. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa mekundu: WASIKILIZAJI ELFU MOJA KABLA YA KRISMASI. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtu asiyetaka kukata tamaa huandika lengo lake na kuliweka mbele ya macho. Basi mimi nikaliweka mbele ya macho yangu na ya ofisi nzima. Kila aliyeingia kutafuta faili alitoka akiuliza, "Boss, elfu imefika?"

Haikuwa imefika. Simu ilikuwa inaniambia kumi na mmoja. Kati ya hao, wawili nilikuwa mimi mwenyewe, mara kwa simu na mara kwa kompyuta, na mmoja alikuwa binamu yangu aliyeko Nakuru, ambaye baadaye alikiri kwamba alikuwa akibonyeza tu na kuendelea na shughuli zake. Nilikuwa mtu wa hasira za haraka, bado niko hivyo, na ile kumi na moja niliichukia kama tusi. Nilikuwa nikitoka kazini nimechoka, nahariri sauti mpaka macho yanawasha, halafu kumi na mmoja.

Vipindi vikubwa vya Nairobi, niligundua, huanza na barua za wasikilizaji. Changu hakikuwa na barua kwa sababu hakikuwa na wasikilizaji. Nikaandika moja. Ilikuwa salamu tu kutoka kwa dereva wa Eldoret anayekipenda kipindi. Wiki ile simu ikasema kumi na wanne. Mtu mwenye akili angeona kwamba ni bahati tu. Mimi niliona njia.

Ndipo nikamuumba mama wa Amagoro. Nilichagua Amagoro kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimepita huko kupeleka makaratasi katika ofisi ya serikali, na jina lilikuwa bado mdomoni. Mama huyo, nilisema hewani, mumewe alikuwa dereva wa trela aliyepotea kwenye safari ya Juba miaka sita iliyopita. Mama akaniletea maelezo ya mumewe: kovu kwenye nyusi, na tabia ya kuimba anaporudisha gari nyuma. Nami nikayasoma katika kipindi. Na huko Nimule, njiani kwenda Juba, bwana akasikia anaelezwa yeye, akalia, akarudi nyumbani. Nilisoma barua ya shukrani kwa sauti iliyokatikakatika. Nilitia hata kikohozi kidogo, kile cha mwanaume anayezuia machozi. Kikohozi hicho nilikirekodi mara tatu mpaka kikakaa sawa.

Nilidanganya kwa wepesi ule kwa sababu niliamini hakuna anayesikia. Mtu hajifuniki akiwa peke yake chumbani.

Nisichojua ni kwamba pale steji ya magari kulikuwa na jamaa anayeuza vifuniko vya simu na kuwajazia madereva nyimbo kwenye flashi. Foleni ya matrela ya kuingia Uganda ikishika, dereva hukaa humo ndani siku nzima, pengine mbili, na nyimbo humwishia. Yule jamaa alikuwa ameanza kuwatilia kipindi changu kama nyongeza, katikati ya rumba na mahubiri. Hakuniambia, kwa kuwa aliona ni jambo la kawaida tu. Kwa hiyo nilikuwa nikisikika kwenye kabini za matrela kutoka Malaba hadi nisikokujua, na simu yangu ikiendelea kuniambia kumi na wanne.

Alikuja saa ya chakula cha mchana. Mwanamke wa umri wangu hivi, aproni ya buluu bado kiunoni, unga kwenye kucha. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati kando ya foleni ya matrela. Alisimama mlangoni akauliza, "Ule mtu wa redio ya simu ako hapa?"

Wenzangu walinisukuma mbele kwa vifijo. Hatimaye, msikilizaji wa damu na nyama! Nilijisikia vizuri kwa muda wa dakika moja, labda mbili.

Alitoa picha kwenye mfuko wa plastiki. Mumewe, dereva, alikuwa ameondoka kwenda Juba miaka saba iliyopita. Lori lilipatikana kando ya barabara, yeye hakupatikana. Kwao ni Mundika, na kaka za mume walikuwa wameshachoka kungoja. Huku kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo hufika mahali ukakata mgomba, ukauvisha nguo zake na kuuzika kama yeye. Watu wanalia, wananyoa, na mjane anajua sasa yeye ni mjane. Walikuwa wameshakubaliana siku. Hata yeye alikuwa amekubali.

"Halafu nikakusikia," akasema. "Nilikuwa nampimia dereva mmoja chai, redio yake iko juu, nikasikia hiyo maneno ya mama wa Amagoro. Wiki hiyo hiyo nikapanda gari mpaka Mundika. Nikasimama mbele ya mashemeji nikawaambia hapana, hakuna kuzika. Nikawaambia kuna mama hapa Amagoro, bwana yake amerudi baada ya miaka sita. Mimi niko na saba. Si ni karibu?"

Ningeweza kusema hapo. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote maishani mwangu, na kila mara naona mlango ulikuwa wazi, na kwamba sentensi iliyohitajika ilikuwa fupi. Lakini wenzangu walikuwa wamesimama pale, wanatabasamu, mmoja ameshamletea kiti. Niliogopa nyuso zao. Niliogopa kuitwa mwongo na watu ambao kila siku nakula nao githeri. Kwa hiyo nilimpeleka chumba cha mafaili, nikamkalisha, nikawasha kirekodi.

Alieleza mumewe. Kidole kimoja cha mguu kilichokatwa na jembe, mapenzi ya ndizi za kuchoma, na jinsi alivyokuwa akimwita mkewe "mwalimu" kwa sababu alimsahihisha hesabu. Alipofika hapo alinyamaza kidogo. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mshale wa sauti na kufikiri, kimya hicho ni kizuri, nisikikate.

Kilikuwa kipindi bora zaidi nilichowahi kutengeneza. Hesabu kwenye simu ikapanda, ikapita mia. Nilifurahi, sitaficha. Nilichukua kalamu nyekundu nikachora alama ndogo kwenye karatasi ya ukutani.

Alianza kupita kila Ijumaa. "Kuna mtu amepiga?" Nikasema bado. Hakunilaumu hata siku moja. Badala yake alileta ombi lingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: alitaka nimpeleke kwa mama wa Amagoro. Wanawake wa chama chake cha kuchangiana, wote wanane, walikuwa wamechanga sukari, sabuni na kuku, ili waende kumpongeza. Mtu akipata furaha kubwa hivyo, haifai kuachwa aifurahie peke yake. Kuku alikuwa ameshanunuliwa. Alikuwa amefungwa mguu chini ya meza ya kibanda, kuku wa kahawia mwenye shingo tupu, na hata wateja walimjua kwa jina: kuku wa mama wa Amagoro.

Nilimwambia mama yule amehama. Amehamia Uganda, upande wa Tororo, na namba yake haipatikani.

Wiki iliyofuata akaniambia amekwenda Amagoro mwenyewe, siku ya soko. Alizunguka akiuliza kila meza. "Wamenituma kwa mama mmoja karibu na ofisi za serikali, ati huyo ndiye bwana yake alirudi. Kumbe alirudi kutoka jela!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. "Nilimpa tu salamu. Watu wa Amagoro ni wazuri, hakuna mahali sikukaribishwa chai."

Nami nikacheka pamoja naye. Kicheko hicho bado nakisikia, na ni kibaya kuliko kile kikohozi.

Mwisho alikuja kaka mkubwa wa mumewe. Mtu mzima, koti la suti, viatu vimepigwa rangi kwa ajili ya safari. Hakuinua sauti. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, akasema, "Boss, mimi sijakuja na ubaya. Huyu bibi ya ndugu yangu anakuamini. Kama unajua kitu, tuambie tungojee pamoja na yeye. Kama hujui, tuachilie. Mama yetu amezeeka, anataka kulia mtoto wake kabla yeye mwenyewe hajaenda."

Nilimwambia nitazungumza na shemeji yake. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Sikuzungumza naye siku hiyo. Kwanza nilitaka kuungama hewani. Niliandika kurasa tatu, nikakaa kwenye ndoo yangu, nikaanza kusoma ukweli wote kwa sauti ya chini yenye uchungu. Nilifika kwenye sentensi ya kuomba msamaha nikasimama, nikairudia, nikairudia tena. Ndipo nilipojisikia. Nilikuwa natia kikohozi. Mahali palepale, kwa ufundi uleule. Na nyuma ya kichwa kulikuwa na mtu mdogo anayehesabu: kipindi cha mwongo anayeungama, hiki kitafika mia ngapi?

Nilifuta rekodi. Nikabandua karatasi ya ukutani, ikang'oka na rangi. Kesho yake nikatoka kwa miguu, jua la saa nne asubuhi, nikapita trela moja baada ya jingine mpaka kibandani.

Alikuwa anasukuma chapati. Aliponiona aliifuta benchi kwa kitambaa ili nikae. Sikukaa.

"Mama," nikasema, "yule mama wa Amagoro."

"Amepatikana?"

"Hayuko. Hajawahi kuwako. Ile barua niliandika mimi."

Aliendelea kusukuma. Chapati ilikuwa imeshaenea, lakini aliendelea kuisukuma mpaka ikawa nyembamba, ikachanika.

"Wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile ya bwana yake kujisikia huko Nimule?"

"Mimi."

"Na vile ulikuwa karibu kulia?"

"Hiyo pia."

Dereva mmoja akaja akaomba chapati mbili na chai. Alimhudumia bila haraka, akamuuliza kama ataongeza sukari. Alipoondoka, aliikunja ile chapati iliyochanika ikawa donge tena.

"Nilikuwa namuombea," akasema. "Kila Jumapili. Nilikuwa nasema, Mungu, asante kwa ajili ya yule mwenzangu." Akaliweka donge kwenye kibao. "Kumbe ni mimi peke yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Nilichofanya badala yake ni kuanza kueleza haraka haraka jinsi nitakavyorekebisha: nitatangaza katika kipindi, nitasema kila kitu, nitataja kosa langu.

Alininyooshea kijiti cha chapati. Mara ya kwanza nikamwona akiwa na hasira.

"Usithubutu. Nilisimama mbele ya watu wa boma nikakataa maziko kwa sababu yako. Sasa wasikie nilidanganywa na kijana wa simu? Nitakaa wapi mimi? Wewe utasema, watu watakuhurumia, watasema huyu ni jasiri, utaenda ulale. Mimi nitabaki nikichekwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Nyamaza. Si wewe unajua kuongea sana? Nyamaza."

Chini ya meza kuku alikuwa anaparura mchanga. Nikaondoka.

Nilinyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko vipindi vyote, kwa maana mtu aliyezoea kusema hudhani kwamba jambo asilolitangaza halijafanyika. Miezi mitatu sikurekodi kitu. Wenzangu walidhani nimekata tamaa kwa sababu ya elfu moja, wakaanza kunitia moyo, ati nianze na lengo dogo, mia tano. Kila mmoja alinipiga bega. Nilivumilia.

Kipindi kipo tena sasa, cha namna nyingine. Namrekodi mtu mmoja, nahariri, kisha namrudia na vipokea sauti vya masikioni, namvalisha, anajisikiliza mwanzo hadi mwisho mbele yangu. Akisema hapana, nafuta akiona. Nimefuta vingi, vingine vizuri mno, na nililia kimoyomoyo nikibonyeza. Vinavyobaki nampelekea yule jamaa wa flashi. Barua sisomi, hata za kweli. Ni watu wangapi wanasikiliza sijui, na nimeacha kuangalia. Nikiulizwa lengo langu ni nini, nasema nataka yule niliyemrekodi aweze kunisalimia tukikutana barabarani. Watu hudhani natania.

Haya ninayoandika pia nilimpelekea kwanza yule mama wa chapati. Nilimsomea kibandani, kati ya wateja. Alisikiliza, akasema, "Andika. Wale mashemeji hawasomi vitabu. Lakini majina usiweke." Sijaweka.

Lakini hakuna siku niliyoaibika kama ile ya Mundika, na sikuwa nimeiweka katika nilichomsomea.

Aliwaambia wakwe zake kwamba amechoka kungoja, basi. Hakuwapa sababu. Siku ilipopangwa alinitumia ujumbe kwa dereva: nije, bila ile mashine ya kurekodi. Nilikwenda mikono mitupu. Mgomba ulikuwa umekatwa asubuhi, umevishwa koti la kijivu na kufungwa shati kwa vifungo mpaka shingoni, kama kwamba ungeona baridi. Wanaume wa kuubeba walipungua upande mmoja, kaka mkubwa akaniita, nikabeba. Mgomba ni mzito, umejaa maji. Utomvu wake ulinitiririkia kifuani tangu mlangoni hadi kaburini. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kulia hivyo kwa ajili ya shina la ndizi, lakini yule mama mzee alipopiga magoti akagusa kola ya koti, hakuna aliyekumbuka ni shina.

Baada ya maziko kaka mkubwa alisimama kushukuru watu. Akanitaja. "Huyu kijana ndiye alikaa na shemeji yetu akamshauri mpaka moyo wake ukakubali. Mungu ambariki." Watu wakanigeukia, wakainamisha vichwa kwa heshima. Nilimtazama mjane. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wanane wa chama chake, kichwa kimenyolewa, akinitazama bila kupepesa. Nami nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.

Chakula kilipoiva tuliketi na kaka za marehemu kwenye meza ya wageni. Mjane mwenyewe, siku hiyo ambayo hakuna mtu aliyemtarajia ahudumie, aliinuka kwenye mkeka akaja na sahani iliyofunikwa. Akaiweka mbele yangu akaifunua. Mchuzi, ugali, na juu ya vipande vya nyama, firigisi. Huku kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye nyumba inamheshimu kuliko wote. Kaka mkubwa akasema, "Umeona? Anakujua wewe ni nani."

Mjane aliinama kama anayesogeza sahani vizuri.

"Ni yule kuku," akasema polepole. "Kula."

Nikala, yote, huku amesimama pale ananitazama. Shati langu la siku ile bado ninalo. Utomvu wa mgomba hautoki, na sijajaribu kuutoa.